Wanafunzi wa uzamili walio kazini: msimamizi awasaidie vipi bila kuwaandikia tasnifu?

Mhadhiri Chipukizi (Kisumu) anauliza:

Wanajukwaa waheshimiwa, nawasalimu. Mimi ni mhadhiri katika Idara ya Kiswahili, na nilianza kusimamia wanafunzi wa uzamili mwaka jana. Nimekabidhiwa wanne, na wote ni walimu walioajiriwa na TSC, tume ya kuajiri walimu nchini Kenya: mmoja yuko Nyakach, wawili wako Vihiga, na wa nne anafundisha karibu na mpaka wa Busia. Masomo ya darasani waliyamaliza vizuri, wengine kwa alama za kujivunia. Tatizo lilianza pale ratiba ya darasa ilipokoma na kila mmoja akabaki na pendekezo lake la utafiti.

Shule zikifunguliwa, wao hupotea. Simu hazipokelewi, barua pepe hazijibiwi, na nikikutana na mmoja wao kwa bahati pale stendi ya Luanda, hunisalimu kwa haraka na kuniambia kwamba kazi inaendelea. Likizo ya Aprili au ya Agosti ikifika, naletewa sura nzima ya kurasa arobaini, mara nyingi siku chache tu kabla ya shule kufunguliwa tena. Naisoma, naandika maoni pembeni, nairudisha, na muhula unaofuata sura ile ile inarudi na makosa yale yale, ila aya zimehamishwa huku na kule. Desemba nayo haihesabiki, kwa kuwa wengi wao huitwa kusahihisha KCSE, mtihani wa mwisho wa shule za upili.

Mambo mawili yananitatiza zaidi. Mmoja wa wale wa Vihiga ana mada isemayo "Changamoto za ufundishaji wa fasihi katika shule za upili nchini Kenya". Nimemwandikia kwamba mada ni pana mno, naye amekubali, lakini kila anapoipunguza huondoa neno moja na kuongeza mawili. Uandishi wake pia una matatizo ya upatanisho wa kisarufi na aya ndefu zisizo na hoja, kiasi kwamba nashawishika kukaa chini na kumwandikia upya. Sijui mpaka uko wapi kati ya kumsaidia mwanafunzi na kumfanyia kazi yake.

Jambo la pili linamhusu yule wa Nyakach. Anatafiti jinsi walimu wanavyotumia vitendawili vya Kidholuo kufundishia fasihi simulizi ya Kiswahili, na kazi yake ndiyo inayonipa matumaini makubwa zaidi. Tulikubaliana kwamba aongozwe na nadharia ya mwanasaikolojia Vygotsky kuhusu ujifunzaji katika jamii. Msimamizi mwenzangu, ambaye ni profesa na alinifundisha mimi mwenyewe katika shahada ya kwanza, alipoisoma alimwambia aiondoe na kuweka nadharia ya utendaji. Mwanafunzi amebaki njia panda na sasa hamwandikii yeyote kati yetu. Ningependa kujua namna ya kulizungumza jambo hili na profesa bila kumvunjia heshima, na bila kumfanya mwanafunzi aonekane kama mtu aliyekuja kushtaki.

Mwalimu wa Njoro anajibu:

Daktari, hongera kwa kuaminiwa na kazi hii, na pole kwa uzito wake.

Nimesimamia wanafunzi wa aina hiyo huku Nakuru kwa muda mrefu, na nitasema jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawalipendi: mwanafunzi anayepotea muhula mzima kwa kawaida hajaacha masomo, bali amepewa kazi isiyolingana na muda alio nao. Sura ya kwanza si kazi ya wiki ya mwalimu mwenye zamu, vipindi vya asubuhi, michezo ya alasiri na rundo la mitihani ya katikati ya muhula. Anaitazama Jumapili usiku, haoni pa kuanzia, anaifunga, na wiki inayofuata anaona haya kukupigia simu. Kazi inayomfaa ni ile anayoweza kuimaliza kwa jioni mbili: aya mbili zinazoeleza utafiti mmoja uliokwisha kufanywa na pengo ulioliacha, au orodha ya shule anazoweza kuzifikia kwa bodaboda na kurudi siku hiyo hiyo, au maswali matano ya mahojiano na sababu ya kuuliza kila mojawapo. Mpe kazi hiyo kwa maandishi, iwe na tarehe, na wewe pia ujiwekee tarehe ya kuirudisha. Ukurasa mmoja unaosomwa na kurudishwa kabla ya Ijumaa unamfaa zaidi kuliko kurasa arobaini zinazongoja likizo.

Kuhusu yule wa Vihiga, mada yake haitapunguzwa kwa maoni ya pembeni, kwa sababu yeye anadhani unamwambia apunguze maneno. Mwite mkae pamoja, umuulize ni kipindi gani ambacho yeye mwenyewe hukiona kigumu kukifundisha. Walimu wengi wa Kiswahili niliowauliza swali hilo wamenijibu bila kusita: ushairi wa arudhi, yaani ule unaofuata kanuni za vina na mizani. Wanafunzi wa shule hukariri vina na mizani, na wakifika kwenye swali la uhuru wa mshairi katika Karatasi ya Tatu ya KCSE, ile ya fasihi, hutaja inkisari (kufupisha neno) na mazida (kurefusha neno) bila kuonyesha ziko katika mshororo gani. Hapo umekwisha kupata jambo linaloweza kutazamwa kwa macho. Endelea kumuuliza: ni darasa gani, shule zipi, na wewe utakaa wapi ukiangalia nini? Mazungumzo ya saa moja yanatosha kumtoa kwenye "changamoto" za nchi nzima na kumfikisha kwenye mbinu wanazotumia walimu kufundisha ushairi wa arudhi katika shule za kutwa za eneo la Luanda. Neno "changamoto" lenyewe ningelipiga marufuku katika mada za uzamili kwa miaka mitano hivi, lakini hilo ni langu.

Maoni yanayorudi bila kufanyiwa kazi mara nyingi ni maoni ambayo mwanafunzi hakuyaelewa. Nimeona tasnifu zilizojaa "fafanua", "kwa nini?" na alama za mshangao kwa wino mwekundu, na mwandishi wake hakujua afanye nini na hata moja. Linganisha na maoni kama haya: "Aya hii inasema walimu hawana vifaa vya kufundishia, lakini chanzo ulichokitaja kinazungumzia vitabu vya kiada pekee. Ama upunguze dai lako liwe la vitabu, ama utafute chanzo kinachozungumzia vifaa vingine." Hayo yanamwambia kasoro iko wapi na njia zilizopo za kuiondoa. Kisha umwagize kwamba kila rasimu mpya ije na jedwali fupi: upande mmoja maoni yako, upande wa pili alichofanya na ukurasa wake, na pale ambapo hakukubaliana nawe aandike sababu. Rasimu isiyo na jedwali hilo usiisome. Utashangaa jinsi desturi ya kuhamisha aya huku na kule inavyokoma.

Suala la lugha nalitatua hivi: nachukua ukurasa mmoja, nauhariri wote mbele ya mwanafunzi huku nikimweleza kila badiliko, halafu kurasa zilizobaki anazihariri mwenyewe kwa mfano huo. Msimamizi anaweza kunyoosha sentensi. Hoja, uchanganuzi na hitimisho ni mali ya mwanafunzi, na ukianza kumwandikia hayo atashindwa kuyatetea mbele ya jopo. Nawe ujue kwamba soko la waandishi wa kukodi liko karibu naye kuliko wewe. Mwanafunzi aliyekaa miezi bila neno kutoka kwa msimamizi ndiye anayeshawishika nalo kwa urahisi, na siku hizi si lazima amlipe mtu, kwa kuwa programu za akili mnemba humwandikia sura nzima na kubuni hata marejeleo. Programu kama Turnitin inaweza kukuonyesha maandishi yanayofanana na ya wengine, lakini chanzo ambacho hakijawahi kuwepo utakigundua ukikitafuta mwenyewe. Anayekuletea ukurasa mmoja kila baada ya siku chache unaijua sauti yake, na aya ya kigeni ikiingia unaitambua mara moja.

La profesa nitalirudia baadaye, maana nina kikao.

Mwanafunzi wa Bungoma anajibu:

Daktari na Mwalimu wa Njoro, shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa uzamifu na pia nafundisha shule ya upili, kwa hiyo naomba kusema kutoka upande wa pili wa meza.

Mmesema mengi kuhusu kimya cha mwanafunzi, na ni kweli tunanyamaza. Hata hivyo, kimya cha msimamizi kina gharama ambayo hamtaiona. Katika chuo nilichosomea uzamili, ambacho sitakitaja, pendekezo langu lilikaa mezani kwa msimamizi muhula mzima, na ada ya kujisajili niliendelea kulipa kana kwamba nafundishwa. Ukimuuliza unaonekana msumbufu, na usipomuuliza unaonekana mzembe. Kisha ukaja mgomo wa wahadhiri, na ulipokwisha ikabidi tuanze kukumbushana jina la mada. Simlaumu mhadhiri kwa mgomo, lakini ujumbe wa mistari miwili unaosema "nimepokea, nitasoma kufikia tarehe fulani" ungeninyima kisingizio cha kuiweka kazi kando.

Kuhusu aibu, Mwalimu wa Njoro ameligusa donda. Tunapokwepa simu huwa hatuna cha kuonyesha, na kadiri siku zinavyopita ndivyo tunavyodhani kwamba tukijitokeza lazima tuje na kitu kikubwa cha kufidia. Ndiyo maana mnaletewa kurasa arobaini wakati wa likizo. Msimamizi wangu wa sasa aliumaliza mchezo huo kwa kuniandikia hivi: "Tuma ulichonacho, hata kama ni nusu ukurasa, na hata kama hakijakamilika." Nilituma aya ambayo nilikuwa naionea haya, naye akanipigia jioni hiyo, tukazungumza kuhusu aya hiyo tu.

Kuna jambo jingine ambalo lilinisaidia na halimgharimu msimamizi chochote. Sisi wanafunzi wa wasimamizi mbalimbali tunaoishi karibu tumeanzisha kikundi, tunakutana Jumamosi moja kwa mwezi katika ukumbi wa kanisa mjini, na kila mmoja anasoma kurasa za mwenzake. Mwalimu wa Kemia hajui nadharia za fasihi, lakini ndiye aliyeniuliza kwa nini swali langu la tatu halikuwa na sehemu yoyote katika hojaji. Jopo lingeniuliza swali hilo hilo kwa ukali zaidi. Wanafunzi wako wawili wa Vihiga, Daktari, wanaishi mwendo mfupi wa matatu kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Waunganishe.

Naomba pia mtufundishe mapema kutumia programu ya kupanga marejeleo kama vile Zotero, ambayo haina malipo. Nimeona mwenzangu akiandika upya orodha nzima kwa mkono wiki moja kabla ya kuwasilisha, eti kwa sababu idara ilibadilisha mtindo.

Mtahini (Kakamega) anajibu:

Nakubaliana na mengi, lakini nampinga Mwalimu wa Njoro katika jambo moja. Kazi ndogo za kila wiki zinamfaa mwanafunzi wa uzamili anayeandika pendekezo. Ukiendelea nazo hadi uchanganuzi wa data, na hasa ukizitumia kwa mwanafunzi wa uzamifu, utapata mtu anayejua kutimiza maagizo na hajui utafiti wake unaelekea wapi. Nimewatahini watu wa namna hiyo. Kila sura ni safi, na ukiwauliza sura ya nne inajibu swali gani la sura ya kwanza, wanamtazama msimamizi wao. Kuanzia pale data inapoingia, mwanafunzi mwenyewe ndiye apange kazi inayofuata na kukuletea ratiba uikosoe.

Kuhusu nadharia, Daktari, nahofu kwamba wewe na profesa mnashindania jibu kabla ya kulitazama swali. Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alishughulikia jinsi mtoto anavyovuka kutoka anachoweza peke yake hadi anachoweza akisaidiwa na anayejua zaidi. Nadharia ya utendaji, ambayo Richard Bauman ni mmoja wa walioiendeleza, inamtazama mtendaji, hadhira yake na muktadha wanamokutana. Sasa muulizeni mwanafunzi: akikaa nyuma ya darasa pale Nyakach, anaandika nini katika daftari lake? Ikiwa anaandika jinsi mwalimu anavyoanza na kitendawili cha Kidholuo ambacho wanafunzi wanakijua, kisha akawavusha hadi kwenye sifa za kitendawili cha Kiswahili, basi Vygotsky anamtosha. Ikiwa anaandika nani anatega, nani anategua, sauti inapandishwa wapi, na darasa linafanya nini pale anayeshindwa anapotakiwa kutoa mji, basi profesa ana hoja nzito. Akisema anaandika yote mawili, mada yake bado haijakaza, na hilo ndilo la kuzungumza kwanza.

Msimamizi ana haki ya kupendelea nadharia aliyokulia, ila asiifanye kuwa sheria. Profesa Bethwell Ogot, mzaliwa wa Gem aliyetutoka mwaka 2025, alijenga historia ya Wajaluo juu ya masimulizi ya wazee katika enzi ambayo wanahistoria wengi hawakuyahesabu masimulizi ya mdomo kuwa ushahidi. Kama kila mwanafunzi angelazimika kufuata njia aliyoizoea mkubwa wake, utafiti wa fasihi simulizi unaofanyika Nyanza na Magharibi leo usingekuwepo.

Karani wa Uzamili anajibu:

Waheshimiwa wahadhiri, mimi ninashughulikia faili za wanafunzi wa uzamili katika chuo kimoja cha eneo hili, na naona mnazungumza kuhusu sura na nadharia ilhali wengi wanaokwama hukwama kwenye vibali na kalenda.

Pendekezo likishatetewa katika idara na kupitishwa na kitivo pamoja na ofisi ya uzamili, mwanafunzi anahitaji idhini ya kamati ya maadili iliyotambuliwa, kisha leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi; leseni hiyo siku hizi huombwa kwa mtandao. Akiipata hajamaliza. Anapaswa kujitambulisha kwa Kamishna wa Kaunti na kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti kabla ya kwenda kwa mwalimu mkuu. Wako wanaofikiri kwamba kwa kuwa wanatafiti katika shule wanayofundisha hawahitaji haya yote. Wanayahitaji, tena kwa uangalifu zaidi, kwa sababu mwanafunzi wa shule hawezi kumkatalia kwa urahisi mwalimu wake anayemwomba ajaze hojaji. Wale walio chini ya miaka 18 wanahitaji idhini ya mzazi au mlezi pamoja na ridhaa yao wenyewe, na yeyote atakayerekodi sauti au video darasani asome Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kabla ya kuweka rekodi hizo kwenye simu yake. Yule wa vitendawili bila shaka atarekodi.

Kuhusu kalenda, barua ya maadili ikitoka Oktoba, hakuna mwalimu mkuu atakayekufungulia darasa wakati wa KCSE, kwa hiyo data itangoja hadi Januari au Februari. Hesabuni kwa kurudi nyuma kutoka muhula mnaotaka mwanafunzi awe darasani. Tena mkumbuke kwamba KCPE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi) ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Waliofanya mtihani huo waliingia Kidato cha Kwanza mwaka 2024, wao ndio Kidato cha Tatu cha mwisho mwaka 2026, na KCSE yao ya 2027 ndiyo itakayofunga mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya upili na minne ya chuo kikuu) katika shule. Nimepokea mapendekezo yanayotaja "wanafunzi wa Kidato cha Pili" kana kwamba bado wapo. Mwanafunzi wa ushairi wa arudhi asipoharakisha, atapata leseni ya kwenda kutazama darasa ambalo limekwisha kutoweka, na itambidi arudi kwenye kamati kubadilisha walengwa wawe wa Gredi ya 10 ya mtaala mpya.

Jambo la mwisho kutoka kwangu linahusu idadi. Mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu wa mwaka 2014 unaweka kikomo cha wanafunzi watano wa uzamili na watatu wa uzamifu kwa msimamizi mmoja katika mwaka wa masomo. Daktari, wanne wako wamo ndani ya kikomo, lakini idara ikija na majina mengine una haki ya kuuliza. Ripoti za maendeleo nazo zijazwe kwa ukweli. Ile inayosema "anaendelea vizuri" kuhusu mtu ambaye hajaonekana tangu Aprili haimsaidii siku anapoomba kuongezewa muda, maana faili lake halina lolote la kuonyesha kwamba alikuwa na shida.

Mhadhiri Chipukizi (Kisumu) anaandika tena:

Nawashukuru nyote, na hasa Karani kwa hili la Kidato cha Tatu, kwa kuwa halikuwa limenijia kabisa. Nitawaunganisha wale wawili wa Vihiga wiki hii. Hoja ya Mtahini kuhusu daftari la mwanafunzi imenipa mahali pa kuanzia, lakini bado nasita kuhusu profesa. Nikimwendea na swali la Vygotsky, atahisi kwamba nimeenda kumpima mwalimu wangu. Je, nimwandikie au nimwendee ofisini? Na mwanafunzi awepo au asiwepo?

Mwalimu wa Njoro anajibu:

Mwanafunzi asiwepo mara ya kwanza. Wasimamizi wakitofautiana mbele yake, ataondoka akimfuata mwenye cheo, wala si mwenye hoja. Muwe nyinyi wawili, mwafikiane, kisha apewe maoni katika waraka mmoja wenye majina yenu yote mawili. Baada ya hapo mpange kwamba hakuna anayemwagiza badiliko kubwa la mada, nadharia au mbinu kabla ya kumjulisha mwenzake.

Mwandikie kwanza ujumbe mfupi, kisha umwendee. Usitaje tofauti yenu katika ujumbe, na usiandike "mwanafunzi ameniambia". Mimi ningeandika hivi: "Profesa, shikamoo. Naomba nafasi ya nusu saa wiki hii ili unielekeze kuhusu mwanafunzi wetu wa vitendawili. Nimeyasoma maoni yako juu ya nadharia ya utendaji na ningependa tuyatazame pamoja na maswali yake ya utafiti, ili tumpe mwelekeo mmoja kabla shule hazijafunguliwa. Nitakuja na nakala ya maswali hayo." Ujumbe huo unamheshimu, na ni wa kweli, kwa kuwa unayahitaji maelekezo yake. Mkikaa, mpe karatasi ya maswali ya utafiti, umwache aisome, kisha umuulize kile alichouliza Mtahini: mwanafunzi atakuwa akiandika nini akiwa darasani? Huenda yeye mwenyewe akasema utendaji uwe sehemu ya uchanganuzi na Vygotsky abaki, au huenda akakushawishi wewe. Vyovyote itakavyokuwa, andika mliyokubaliana kwa mistari michache na umtumie nakala siku hiyo hiyo.

Kuhusu data, Mtahini, nakubali. Mimi pia huziacha kazi za wiki pendekezo likishapitishwa, ila kwa wale walio mbali na chuo nazirudisha wanapoanza kuyaandika neno kwa neno mahojiano waliyorekodi. Kazi hiyo inachosha, hufanywa usiku, na wengi huiacha katikati bila kumwambia mtu.

Mhadhiri Chipukizi (Kisumu) anaandika tena:

Nimetuma ujumbe karibu kama ulivyouandika, Mwalimu, na profesa amejibu kwamba nimwone Alhamisi asubuhi kabla ya kipindi chake, niende na maswali ya utafiti pamoja na ratiba ya vipindi vya shule ile ya Nyakach. Ratiba sikuwa nimeifikiria. Nimemwandikia mwanafunzi anitumie vyote viwili, na nimemweleza kwamba asibadilishe chochote katika sehemu ya nadharia hadi atakapopokea waraka wetu sote wawili. Amejibu baada ya dakika chache, na ameambatisha ratiba pamoja na vitendawili alivyokwisha kukusanya kutoka kwa bibi yake, ambavyo hakuwa ametuonyesha.